Gari la Marehemu Hushtuka Kilimani

Wiki jana niliwaacha nimekaa kiti cha abiria, mkanda umenikaba shingo, gari la marehemu mume wangu linapanda kilima cha kiwanda cha matofali, na kando ya sikio langu mtu anapiga mluzi.

Hakukuwa na mtu. Tulikuwa wawili tu ndani ya gari, mimi na fundi, na fundi mdomo wake ulikuwa wazi unaongea.

Wengi mmeniuliza: mama, mluzi ule ulikuwa wa nani? Nitawaambia. Ila kwa aliyekaa nami leo kwa mara ya kwanza, ngoja nirudi nyuma kidogo, asije akabaki anamsumbua jirani yake.

Ajali iliyomuua mume wangu ilikuwa ya gari hili. Aliyeendesha ni mwanangu, kitinda mimba wangu, na baba mtu alikaa kando yake. Juu ya kilima, pale barabara yetu inapoingia barabara kuu, kijana aliona lori linakuja kwa mbali, akaona nafasi inatosha, akakanyaga mafuta.

"Gari lilishtuka, mama," aliniambia, vipande vya kioo vingali kwenye nywele zake. "Likajivuta kama punda. Likashtuka tena. Nikakanyaga mpaka mwisho, likaninyima. Likasimama katikati ya barabara."

Lori halikuwa na pa kwenda ila ubavuni mwao, upande wa mume wangu.

Hospitali hakuweza kusema tena. Mikono tu ndiyo iliyokuwa hai. Alikuwa akiukunja mmoja ngumi, kisha kwa kidole cha ule mwingine uliovunjika anaisokomeza ncha ya shuka ndani ya ngumi, taratibu, taratibu, kama anayeziba tundu. Wauguzi walisema ni maumivu. Mimi nilisema mwenzangu anafungasha vyake. Tulisimama mimi upande huu wa kitanda na shemeji yangu upande ule, mpaka shemeji akashindwa kutazama, akatoka nje. Mwanangu hakuuona mkono ule hata mara moja. Ndugu walimzuia mlangoni mwa wodi.

Kisha Mungu akamchukua mja wake.

Shemeji huyo, mdogo wa marehemu, ndiye sasa mkubwa wa familia. Anauza magodoro, lakini sote tunamwita Jaji, kwa kuwa hakuna kikao cha ndoa, cha msiba, wala cha kuku aliyepotea ambacho hakukiendesha yeye. Gari liliponyooshwa bati na kupachikwa mlango mwingine, Jaji alilichukua, akalijaza petroli mpaka shingoni, akawapakia ndugu na kulipandisha kilima kile kile. Akalishusha, akalipandisha tena. Halikushtuka hata chembe.

"Gari zima kama kengele," akatangaza. "Kijana alikuwa na haraka zake. Aseme tu, tumsamehe, yaishe."

Kijana akagoma. "Siombi radhi kwa kosa ambalo si langu."

Wakamwambia basi asikanyage kaburi la baba yake mpaka aseme. Akaondoka, akaenda mji mwingine kubeba mizigo. Na Jumapili hii ndugu wanakaa kwa mara ya mwisho: akiri mbele ya wote, au ahesabiwe kuwa si wa nyumba hii tena.

Ndiyo maana nililipeleka gari kwa fundi. Usukani wenyewe sijui hata kuushika. Nilitaka kitu kimoja tu: gari liseme kama mwanangu ni mwongo.

Basi tuendelee. Tuko kilimani. Mluzi unalia.

"Redio," nikamwita fundi. Ndilo jina lake mtaani, kwa kuwa akishawaka hazimiki. "Redio, umesikia?"

"Nimesikia nini, mama?"

"Nyamaza kwanza."

Akanyamaza. Tukasikiliza wote. Mluzi mwembamba, upande wangu, nyuma kidogo ya sikio. Gari likiongeza mwendo, nao unapanda. Likipunguza, unashuka.

Mume wangu alikuwa mtu wa mluzi. Akinyoa ndevu, mluzi. Akitafuta kiatu ambacho amekivaa, mluzi. Nilikuwa nikimwambia, baba, unaita nyoka. Na yeye ananijibu kwa mluzi.

Hapo hapo gari likashtuka.

Kichwa changu kikaenda mbele kikarudi. Likashtuka tena, na tena, kama mtu amelishika shati kwa nyuma akilizuia lisiende.

Nikaanza kusali kwa sauti. Redio akaanza kusali kwa sauti kubwa kuliko yangu.

"Mama, mimi nashuka!"

"Utashukaje na wewe ndiye dereva?"

Akalegeza mguu. Gari likatulia, likatambaa hadi kando ya ukuta wa kiwanda, likasimama. Na mluzi ukakoma.

Redio alikaa akitweta. Kisha akazunguka upande wangu, akapitisha vidole vyake ukingoni mwa mlango mpaka akafika pembe ya juu.

"Mama, huu mlango ni wa kuazima. Waliounyoosha hawakuukalisha. Mpira umeachia hapa, ona, kidole kinapita. Gari likienda, upepo unaingia, unapiga mluzi."

Nikaweka kidole changu. Kweli, kilipita.

Basi mluzi ulikuwa upepo. Nimewaambia, kama nilivyoahidi. Ila niwaambie na hili: nilijua ni upepo, na bado nilisogea kidogo kwenye kile kiti, kama unavyompisha mtu akae.

"Haya, mluzi tumeujua," nikasema. "Na kushtuka?"

"Kushtuka ni kweli. Nimekuona mwenyewe kichwa kinacheza."

"Basi mwanangu hakusema uongo."

Redio akajikuna. "Sasa hapo, mama. Jaji atasema gari lilikuwa zima, likaharibikia gereji kwangu. Nasi hatuna cha kumwonyesha. Lazima tumtoe mchawi mwenyewe tumweke mezani."

"Usiseme mchawi."

"Nisamehe. Tumtoe mgonjwa mwenyewe."

Tukarudi gereji.

"Leo tumempata," Redio akasema alipofungua boneti.

Maneno hayo nilikuwa nimeyazoea. Aliyasema alipobadilisha plagi. Aliyasema alipobadilisha koili. Aliyasema aliposafisha njia ya hewa mpaka ikang'aa kama sahani ya mgeni, na pia alipochomeka kikompyuta chake chini ya usukani, kikamjibu kwamba gari halina kosa lolote.

"Mpaka kikompyuta chako kiko upande wa Jaji," nikamwambia.

"Kinasoma umeme, mama. Tumbo hakilisomi. Sikiliza. Gari likishtuka ukikanyaga mafuta, ni moja kati ya mawili. Ama moto umekatika, ama chakula kimekatika. Moto nimeubadilisha wote. Kimebaki chakula."

"Na hukuanza na chakula kwa nini?"

"Mama nawe! Mganga anaanza na sindano anayoijua."

Akafunga geji, kipimo cha msukumo, kwenye bomba la petroli, akautoa mpira wake mrefu nje ya boneti, akaibandika geji yenyewe kwenye kioo cha mbele, kwa nje, upande wangu. Ilikuwa na mshale mwekundu.

"Mimi nitaangalia njia, wewe angalia mshale. Likishtuka, niambie mshale umefanya nini. Usipepese macho."

Kutazama naweza. Mjane kazi yake ni kutazama: nani amekuja, nani ameacha kuja, nani anakusalimia huku anaangalia bati la nyumba yako.

Nikaingia tena kwenye kiti kile. Bado kilikuwa kimesukumwa nyuma kama alivyokiacha marehemu, alikuwa na miguu mirefu. Yangu ilining'inia kama ya mtoto kanisani. Ndani ya mfuko wa mlango hamkuwa na chochote, mlango ni mgeni, lakini kwenye dashibodi palikuwa na kitana chake, na kwenye kitana nywele zake.

Tukapanda. Mluzi ukaanza. Sikugeuka. Macho kwenye mshale.

Gari likashtuka.

"Umeanguka!" nikapiga kelele.

"Mpaka wapi?"

"Chini! Chini kabisa! Umelala kama maiti!"

"Nalegeza mguu. Sasa?"

"Unaamka. Unapanda. Umerudi mahali pake."

"Nakanyaga tena."

"Unaanguka! Redio, unaanguka!"

Tulifika juu hivyo hivyo, tukishtuka na kuamka, mpaka pale barabara mbili zinapokutana. Redio akakanyaga breki kabla ya pua ya gari kutokeza. Lori likapita mbele yetu na honi ndefu, upepo wake ukalitikisa gari lote, na mlango wangu ukalia mluzi mmoja mfupi, ingawa tulikuwa tumesimama.

"Mama," Redio akauliza polepole. "Ndipo hapa?"

"Ndipo."

"Tungekuwa tumetoa pua..." Hakumaliza. Akageuza gari. Hakusema neno njia nzima, na mtaani kwetu hilo lingeandikwa kwenye kalenda.

Gereji akanieleza: petroli inatoka kwenye tangi ikisukumwa na pampu, na pampu inakaa ndani ya tangi lenyewe, chini ya kiti cha nyuma. Mshale ukianguka maana yake pampu inanyonya hewa, au imezeeka, au kuna kitu kimeiziba mdomo. Akang'oa kiti cha nyuma. Akafungua kifuniko cha bati. Harufu ya petroli ikatoka ikatushika koo.

"Leo tumempata," akasema, akaivuta pampu juu.

Haikuja peke yake.

Redio aliruka nyuma, kisogo kikagonga paa la gari. "Mama! Kuna kitu kimeing'ang'ania!"

Kilikuwa cha rangi ya udongo, kimelowa, kimejibandika kwenye mdomo wa pampu kama ngozi kwenye mfupa. Kilining'inia kikidondosha petroli. Sitawaficha, nilidhani ni kitu kilichokuwa na uhai.

Redio akakibana kwa koleo, akakivuta taratibu, akakiweka kwenye beseni. Kikajikunjua.

Kitambaa.

"Tambara!" Redio akacheka kwa hofu kuisha. "Tambara tu, mama! Ndilo linatuhangaisha hivi! Ukikanyaga mafuta au ukipanda mlima, petroli inakimbilia nyuma, tambara linakwenda nayo, linaziba mdomo. Gari linakosa chakula, linashtuka. Ukilegeza mguu petroli inarudi, nalo linaachia. Ndiyo maana mshale unalala na kuamka! Nani kaweka..."

Aliniona uso, akaweka koleo chini.

Nilikuwa nimetia mikono kwenye lile beseni. Nikageuza pindo la kile kitambaa. Petroli ilikuwa imekula rangi yote ya kitambaa, lakini uzi wa pindo ulikuwa mwekundu bado. Mshono wa mkono. Mshono wangu.

Mume wangu alikuwa mpotezaji wa vitambaa vya jasho. Nilimkatia kadhaa kutoka kwenye pazia kuukuu, na kwa kuwa uzi mweupe uliniishia, nikavipinda kwa mwekundu. Alinitania: "Umeniwekea alama kama mbuzi, nisipotee." Vitambaa vilipotea, yeye akabaki. Kisha yeye akapotea.

Na sasa kimoja kilikuwa kimerudi.

"Ni cha marehemu," nikasema.

Redio akavua kofia. Akazunguka nyuma ya gari, akafungua mfuniko wa mahali pa kutilia petroli, akauchunguza kwenye mwanga.

"Mama, huu mfuniko si wa gari hili. Mpya, na umelazimishwa. Ule wa zamani ulipotea lini?"

"Sijui kama ulipotea."

"Ulipotea. Watu mfuniko ukiwapotea wanasokomeza tambara pale shingoni, wakisubiri kununua mwingine. Sote tunafanya hivyo. Basi tambara likateleza likazama ndani, na aliyeleta mfuniko mpya akafunika juu yake, akaenda zake."

Anasokomeza tambara. Neno hilo likaniingia kama sindano ya baridi. Nikauona ule mkono juu ya shuka, ngumi, kidole, taratibu, taratibu.

Mume wangu hakuwa anafungasha vyake. Alikuwa anasema.

"Redio," nikauliza. "Kama kitambaa kilikuwa humu siku zote, mbona Jaji alipanda kilima na ndugu wote, lisishtuke?"

"Petroli ilikuwa kiasi gani?"

"Alilijaza. Mpaka shingoni."

"Aa, hapo lisingeshtuka. Tangi likijaa petroli haina nafasi ya kukimbia huku na huku. Tambara linalala mahali pake limetulia. Mpaka ishuke nusu, kama sasa, ndiyo lianze safari zake. Siku ile ya ajali, tangi lilikuwaje?"

"Walikuwa wanakwenda kutia."

Sasa nisikilizeni. Jaji mkono wake ni wa birika. Akikukaribisha chai anakuuliza kwanza kama umetoka kunywa. Gari analoliazima analirudisha likiwa linanusa petroli tu. Na mtu huyo, siku moja tu katika maisha yake, alilijaza tangi la mtu mwingine mpaka likamwagika, na siku hiyo ikawa ndiyo siku ya kuonyesha kwamba mwanangu ni mwongo.

Nikakikamua kitambaa, nikakitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko nikautia kikapuni.

"Redio, nakuomba kwa jina la Mungu. Neno hili lisitoke kinywani mwako mpaka nirudi."

"Mama, mimi ni kaburi."

Nikaondoka kwa miguu.

Duka la Jaji limejaa magodoro toka sakafuni mpaka darini, yote yamefungwa nailoni. Humo hamna mwangwi. Neno ukilitoa linamezwa. Alikuwa peke yake, ameketi juu ya godoro la kuonyeshea wateja.

"Shemeji! Karibu, karibu. Umepungua lakini. Unakula kweli?" Kisha pua yake ikacheza. "Mbona unanuka petroli?"

Nikakitoa kitambaa nikakitandaza juu ya nailoni ya godoro, mbele ya magoti yake, pindo jekundu likiwa juu.

Jaji hakuuliza ni nini.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Nilikuwa nimejiandaa anifokee, anicheke, aniite mwanamke aliyechanganyikiwa kwa upweke. Angeuliza tu "hiki nini?" ningerudi nyumbani na shaka. Hakuuliza.

Simu yangu ikalia kikapuni. Ni ya kelele, mtu wa chumba cha pili anasikia. Alikuwa mwanangu.

"Mama, nimefika. Nimepita nyumbani, wakaniambia unashinda kwa fundi. Niko hapa gereji getini."

"Umekuja? Mbona hukuniambia?"

"Ungenizuia. Mama, nimechoka. Jumapili nitakiri. Nitasema nilikuwa na haraka, nitasema lolote wanalotaka. Mimi nataka tu nikasimame kwenye kaburi la baba."

"Mwanangu, usikiri kitu! Nisubiri hapo hapo."

"Nimeshaamua, mama." Akakata.

Kisha Jaji akainua macho, na ndani yake mlikuwa na kitu kama nafuu.

"Umesikia mwenyewe, shemeji. Mtoto amekubali."

"Amekubali uongo."

"Amekubali." Akashusha sauti. "Mimi nililiazima gari kubeba magodoro. Mfuniko niliusahau pale kwenye petroli. Kaka akaziba kwa kitambaa chake, hakunigombeza hata. Nikasema ngoja nimnunulie mwingine nisionekane sijali. Nimekuja nao, nakuta kitambaa kimeteleza ndani ya shingo. Nikatia kidole nikivute. Shemeji, wallahi nilitaka kukivuta. Kikaenda ndani."

"Ukafunika."

"Kitambaa tu! Nikasema kitaoza. Kaka akaniuliza, kitambaa changu kiko wapi? Nikamwambia nimekitupa, kilikuwa kichafu."

"Na hospitali?"

Jaji akaziba uso. Maneno yalitokea katikati ya vidole vyake.

"Alikuwa ananiuliza. Ananitazama mimi, si wewe. Anasokomeza shuka, ananitazama. Umekitupa kweli? Ndilo alilokuwa anauliza. Mpaka leo nikifumba macho ananiuliza."

Kumbe nilisimama kando ya kitanda kile nikidhani naona kifo, na mbele yangu kaka anamhoji ndugu yake.

"Ukatoka nje."

"Nikatoka nje."

"Ukamwachia mwanangu mzigo."

"Yeye kijana!" Alisimama ghafla. "Kijana husamehewa. Jumapili atalia, watamkumbatia, wiki ijayo wamesahau. Mimi je? Mimi nimewahukumu watu wote wa familia hii. Nikisema leo kwamba nilimuua kaka yangu kwa tambara, halafu nikalijaza tangi kuficha, atakayenizika ni nani?" Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Nipe hicho kitambaa, shemeji. Wewe mtu wa sala. Mwache mtoto akiri. Wote tutapona."

Nilikitazama kile kiganja. Kilifanana na cha mume wangu, vidole vile vile, kucha zile zile pana. Mungu anisamehe, kwa kitambo nilimhurumia. Nilimwona mtu ambaye hajalala tangu tuzike.

Na hapo tukausikia.

Ulitoka mbali, mwisho wa mtaa. Mluzi mwembamba. Ukawa unapanda, unakaribia, unapita kuta za magodoro ambazo hazipitishi sauti ya mtu.

Jaji akageuka rangi. "Nani huyo?"

Mimi nilijua ni nini. Ni mpira wa mlango, pembe ya juu. Redio alikuwa ameshairudisha pampu, na gari la marehemu lilikuwa njiani linakuja. Redio alikuwa ameapa kwamba yeye ni kaburi, lakini ni nani amewahi kuizima redio?

"Kaka," Jaji akasema, si kwangu.

Mluzi ukafika mlangoni, ukashuka, ukakoma. Mlango wa gari ukafungwa. Hatua zikaja.

Mwanangu alisimama kizingitini. Alikuwa amekonda, mabega yamekomaa kwa mizigo, na mkononi alikuwa ameshika funguo ambazo hakuwa amezigusa tangu siku ile. Alinitazama mimi. Akakitazama kitambaa juu ya nailoni, na pindo lake jekundu. Kisha akamgeukia Jaji, akaongea kwa adabu kabisa, kama nilivyomlea.

"Shikamoo, baba mdogo. Nimekuja kuuliza. Jumapili nikiri nini?"

Jaji alifungua mdomo.

Akakaa polepole juu ya godoro. Mkono wake wa kushoto ukajikunja ngumi. Wa kulia ukaishika ncha ya nailoni, na kwa kidole kimoja akaanza kuisokomeza ndani ya ngumi, taratibu, taratibu, kama anayeziba tundu. Machozi yanamtoka, na wala hakuonekana kujua mikono yake inafanya nini.

Ulikuwa mkono ule ule. Kitanda kile kile.

Mwanangu hakuwahi kuingia wodini. Dunia nzima tulioijua maana ya ishara ile tulikuwa wawili tu, na mmoja wetu alikuwa ndiye anayeifanya.

"Mama," mwanangu akaniuliza, na sauti yake ikawa ya baba yake. "Baba mdogo anafanya nini?"